Neno Nililolisema Juu ya Kocha Tero

Mwezi uliopita mafundi walikuja kubadilisha sakafu ya chumba cha baridi katika bohari ya dawa ninakofanya kazi, hapa Dar es Salaam. Walitandika mikeka mizito ya mpira mweusi, wakaiosha kwa maji, wakawasha mashine ya ubaridi, wakaondoka. Nilipofungua mlango asubuhi ya pili harufu ilinipiga usoni: mpira uliolowa, chuma baridi, na jasho la kale ambalo halikuwemo mle ndani, pua yangu iliongeza yenyewe. Nilisimama mlangoni na orodha ya chanjo mkononi mpaka mwenzangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni baridi tu. Sikuweza kumwambia kwamba kwa dakika ile nilikuwa na umri wa miaka kumi, niko Dubai, nimekaa kwenye benchi la mbao nafunga kamba za viatu vya barafu, na mtu mmoja mrefu asiye na meno ya mbele amepiga goti mbele yangu ananiambia nikaze zaidi.

Tulikaa Satwa, nyuma ya maduka ya mafundi cherehani, katika nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba kwa mbao. Baba yangu, mtu wa Unguja, alikuwa fundi wa mitambo ya baridi kwenye uwanja wa barafu uliokuwa ndani ya jumba la maduka. Ndugu zetu wa nyumbani walipoambiwa kazi yake walidhani anawatania. Nje jua linachoma mpaka huwezi kushika kitasa cha mlango wa gari, na ndani Baba analinda barafu isiyeyuke. Chini ya ile barafu mlipita mabomba, na Baba aliyajua mabomba yake kama mtu anavyojua mishipa ya mkono wake. Mara kadhaa kwa siku aliendesha gari kubwa lililokwangua barafu na kuiacha laini kama kioo, na mimi niliamini kwamba hakuna mtu mwenye cheo kikubwa kuliko yeye katika jumba lile lote.

Mama alikuwa akilea mtoto wa familia moja huko Jumeirah mpaka jioni, kwa hiyo basi la skuli lilinishusha karibu na jumba la maduka, nami nikamngojea Baba uwanjani. Haikuruhusiwa. Mlango wa wafanyakazi ulilindwa na Moses, Mganda mmoja mpole aliyebeba Biblia ndogo mfukoni mwa sare yake, na kila siku aliniambia neno lile lile huku akigeuza uso upande wa pili: leo sijakuona. Nami nikapita.

Kocha Tero alikuja mwaka niliokuwa darasa la nne. Alikuwa Mfini, na Baba alinieleza kwamba Ufini ni nchi ya kaskazini kabisa ambako maji ya ziwa huganda mpaka magari yanapita juu yake. Aliletwa acheze katika timu ya wanaume ya pale uwanjani na kuwafundisha watoto hoki ya barafuni, mchezo ule wa kukimbiza kisahani cheusi kwa magongo marefu. Watoto wenyewe walikuwa wa Wazungu na wa Waarabu wenye uwezo, wakiletwa na madereva. Baba alisema huyu bwana kwao alikuwa mchezaji wa mbele, mfungaji, jina lake liliwahi kutajwa redioni. Mimi nikaelewa kwamba “wa mbele” maana yake ndiye aliyekuwa wa kwanza katika Ufini nzima, mbele ya watu wote, baada yake mfalme. Kwa muda mrefu nilimwangalia kwa macho hayo, na nilishangaa kwa nini mtu wa namna ile anakaa katika hoteli ya kawaida huko Al Rigga na anakuja kazini kwa basi.

Siku ya kwanza kuzungumza naye alinikuta kwenye benchi nikifanya hesabu za skuli. Akakaa, akatoa meno yake ya mbele yaliyofungwa kwenye kipande cha plastiki, akayatumbukiza kwenye kikombe cha maji, akaendelea kufunga kiatu kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilipopiga ukelele wa kicheko akaniambia kwa Kiingereza chake cha polepole kwamba meno ya asili yako Sweden, kwenye uwanja fulani, na hajaenda kuyachukua. Kesho yake alileta viatu vya barafu vya mtoto, vilivyosahauliwa na mtu na kukaa mwaka mzima kwenye sanduku la vitu vilivyopotea. Vilinizidi kidogo. Mama alikwenda soko la Naif Ijumaa ile akaninunulia soksi nene na glavu za sufu kwa mfanyabiashara anayeuza nguo za baridi za kupeleka Arusha, na viatu vikanitosha.

Kulikuwa na kipande cha saa kila alasiri, kati ya watu wa kawaida kutoka na watoto wa timu kuingia, ambapo uwanja ulikuwa mtupu. Kipande hicho kilikuwa changu. Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kuanguka. Alisema kila mtu anaanguka, anayeumia ni yule anayejikaza, basi legea, kaa upande wa paja, kidevu kifuani. Nilianguka siku tatu mfululizo kwa amri yake kabla hajaniruhusu kwenda mbele hata hatua moja. Kisha akanifundisha kusukuma, kuinama, kupinda, na kusimama ghafla mpaka vumbi la barafu linaruka. Baba alikuwa akitutazama kutoka kwenye gari lake, akingoja tumalize apite. Hakuwahi kutuharakisha.

Wakati wa kupumzika alinisimulia maisha yake kwa vipande, na mimi nilivipanga kichwani kwa namna yangu. Alizaliwa katika mji mdogo wenye kiwanda cha karatasi. Baba yake alifanya kazi humo, na majira ya baridi mji mzima ulinuka kabichi iliyooza. Alijifunza mchezo ziwani, wao wakifagia theluji wenyewe. Akiwa bado kijana mdogo aliingizwa timu ya wakubwa. Kisha akaenda Marekani, akazunguka na timu ndogo kwa basi misimu miwili, na akapandishwa kucheza mechi chache tu katika ligi kubwa. Katika hizo chache alifunga goli moja. Aliniambia lilikuwa goli baya, kisahani kilimgonga gotini kikaingia, lakini mama yake aliuweka mkanda wake wa video kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Baadaye, akasema, wakaniuza. Wakaniuza Urusi, Warusi wakaniuza Ujerumani.

Sisi skuli tulikuwa tumeanza kusoma habari za biashara ya utumwa, na kwa Mama nilishasikia habari za soko la Mkunazini. Nikamuuliza kama mama yake alilia siku walipomuuza. Nilitaka kujua kweli. Yeye alianza kucheka, kisha kicheko kikaisha katikati. Akasema ndiyo, alilia. Kisha akainuka akaniambia muda wa kupumzika umekwisha.

Alikuwa na binti kwao Ufini, rika langu, akikaa na mama yake. Nilimwona mara moja tu, kwenye simu ya Tero, akipunga mkono akiwa na kofia ya sufu. Nilipunga na mimi, tukaangaliana hivyo, hatukuwa na lugha.

Sasa nikitazama nyuma naona mambo ambayo yalikuwa wazi kabisa. Alianza kuvaa miwani ya jua ndani ya jengo. Muziki wa uwanjani ulipowashwa alikunja uso kama mtu anayepigwa. Alinieleza jambo moja Jumapili na akanieleza lile lile Jumatatu, kwa maneno yale yale, na kutua pale pale. Siku nyingine alikwenda kwenye chumba cha mitambo cha Baba, ambako taa ilikuwa hafifu na mashine zinavuma kwa sauti moja, akakaa humo nusu saa. Niliuliza anafanya nini mle. Baba akajibu kwa mkato kwamba anapumzika, na kwamba hilo si la kuuliza. Moses siku moja alimwona akipita anashika ukuta, akasema kwa Kiswahili chake cha Kampala, nusu kwa utani, kwamba huyu muzungu anatembea kama mutu wa waragi. Nilimuuliza waragi ni nini. Akajuta kulitaja, akaniambia ni pombe, na nisimwambie mtu.

Karibu na mwisho wa muhula ulitangazwa mchezo wa maonyesho wa watoto, Ijumaa asubuhi, wazazi wakialikwa. Tero aliniambia nitacheza. Alisema hivyo akiwa amekaa kwenye ukingo wa uwanja, ananiangalia usoni: utasimama upande wa kushoto, kama mimi, nitakuletea jezi. Sikulala vizuri wiki mbili. Nilimweleza Mama, Mama akawaeleza majirani, na fundi cherehani mmoja wa mtaani kwetu, mzee wa Kipakistani, akanishonea suruali ya kufaa bila ya kuombwa. Mtoto wa fundi wa mitambo, kutoka vyumba vya mbao vya Satwa, katikati ya watoto wale. Nilijua maana yake hata kama hakuna aliyenieleza.

Jumanne ya wiki ile timu ya wanaume ilicheza. Nilikuwa nyuma ya kioo. Tero alikuwa akikimbilia kisahani kwenye kona, mtu wa timu nyingine akaja nyuma yake, na kichwa chake kikagonga ubao wa pembeni kwa sauti niliyoisikia kupitia kioo. Alikaa chini kidogo. Kisha akainuka, akainua gongo lake juu, na watu wote wakapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Ijumaa nilifika mapema pamoja na Baba. Orodha ilikuwa imebandikwa ukutani, na nilisoma majina yote, kisha nikayasoma tena kutoka chini kwenda juu. Langu halikuwemo. Nikaenda kwa Tero. Alikuwa amesimama karibu na benchi, miwani ya jua usoni, watoto wenye jezi mpya wamemzunguka. Nilimwambia kocha, jezi yangu. Aliinamisha kichwa akaniangalia kwa muda mrefu. Halafu akaniuliza kwa upole, kama unavyomuuliza mtoto aliyepotea dukani:

“Wewe ni mtoto wa nani?”

Mtoto mmoja akacheka. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Lakini nilihisi uso unawaka, na nilielewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba mbele ya watu wake hawezi kunijua. Kwamba ile saa ya alasiri ilikuwa ya uwanja mtupu tu. Niliondoka nikaenda kujificha kwenye korido ya nyuma.

Nilikuwa bado huko nikimngoja Baba nilipomwona Tero anakuja. Hakuniona. Alikuwa akitembea na bega limegusa ukuta, anakokota mguu, na alipofika kwenye mlango wa chumba cha mitambo aliufungua, akapiga magoti, akatapika kwenye ndoo ya Baba. Kisha akatoa mfukoni chupa ndogo ya rangi ya kahawia, akameza kilichokuwemo, akaketi pale sakafuni macho yamefumbwa. Nilimwangalia kupitia upenyo wa mlango. Nilikumbuka lile neno la Moses. Kila kitu kikakaa mahali pake, na nilisikia furaha ndogo, kali, ya mtu aliyepata silaha. Namwambia msomaji ukweli kwa sababu nimeuficha miaka mingi: ilikuwa furaha.

Nilirudi upande wa watu. Meneja wa uwanja, ambaye sote tulimwita Madam, alikuwa amesimama na wazazi wawili. Aliona nimelia akaniuliza nina nini. Nikasema Kocha Tero amelewa. Nilisema kwa Kiingereza na kwa sauti ya kusikika. Wazazi wakageuka. Madam akaniinamia, akanishika bega, akaniuliza taratibu kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nimeona chupa. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nilisikia harufu.

Mimi sikuwahi kunusa pombe katika maisha yangu. Nyumbani kwetu hata manukato yenye spiriti Mama hakuyataka kwenye nguo za kusalia. Sikujua pombe inanukaje. Nikasema ndiyo.

Madam alinipeleka ofisini kwake, akanipa chokoleti nzima kutoka kwenye droo, akaniambia nimefanya vizuri. Niliila yote.

Tero hakuonekana tena uwanjani baada ya wiki ile. Baba alirudi nyumbani siku ya pili amekunja uso. Mama alipomuuliza alijibu “khalas”, yamekwisha, kama alivyokuwa akimaliza mazungumzo ya kazini. Niliambiwa kuanzia sasa nitashuka Satwa, nikae kwa jirani mpaka Mama arudi, uwanjani nisiende. Nilidhani Baba amechukia kwamba alimwamini mlevi, na kwamba ananilinda na watu wa namna hiyo. Skuli niliwasimulia wenzangu jinsi nilivyomkamata. Kila nilivyosimulia niliongeza kidogo, mpaka ikawepo chupa kubwa, na yeye anayumba huku anaimba.

Mkataba wa Baba ulipokwisha miaka michache baadaye tulirudi Unguja. Nikasoma, nikakua. Hata chuoni, tukikaa kwenye ngazi za bweni tukichekeshana, yule Mfini mlevi wa Dubai alikuwa kisa changu. Nilikuwa hodari wa kuiga mwendo wake.

Basi baada ya ile asubuhi ya chumba cha baridi nilikwenda nyumbani kwa sikukuu. Baba sasa anatengeneza mafriji ya watu uani kwetu. Nilimkuta amefungua moja mgongo, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikimpa vifaa kama anavyoviomba. Nikamsimulia ile harufu. Nikasema imenikumbusha uwanja, imenikumbusha yule mlevi, Tero.

Akaweka spana chini. Hakuitupa, aliiweka taratibu juu ya kitambaa, akafuta mikono.

“Hakuwa mlevi,” akasema. “Alikuwa mgonjwa.”

Alinieleza akiwa anaangalia ndani ya lile friji, si mimi. Tero alimwambia tangu miezi ya mwanzo. Miaka yote ile ya kugongwa kichwa, Marekani, Urusi, Ujerumani, kila mahali alipouzwa, ilikuwa imemuumiza ubongo, na madaktari walikuwa wameshamwambia aache. Yeye akaja Dubai kwa sababu ligi ya pale ilikuwa ndogo na hakuna aliyeuliza maswali. Alidhani atapata misimu miwili, atafundisha watoto, atamalizia hivyo. Mwanga ulimuumiza, kelele zilimuumiza, na siku nyingine majina yalimtoka kichwani kama maji kwenye kiganja. Ile chupa ilikuwa dawa ya kuzuia kichefuchefu. Alimwomba Baba amwache akae kwenye chumba cha mitambo hali ikiwa mbaya, na asimwambie mtu. Baba alikubali, akalichukua kuwa ni amana.

Siku ya pili ya kisa changu Madam aliwaita wote wawili ofisini. Alisema wazazi wanapiga simu. Alisema ana mambo mawili tu mbele yake: ama kocha amelewa kazini, ama mtoto wa fundi amemzulia kocha. Na kama amemzulia, basi atataka kujua mtoto wa fundi anafanya nini uwanjani kila siku kinyume cha sheria, na nani anamfungulia mlango. Baba alielewa mara moja. Ilikuwa kazi yake, na kazi ya Moses, na pamoja na kazi yake iqama zetu zote, ruhusa yetu ya kuishi kule.

“Nilifungua mdomo nimwambie ni maradhi,” Baba akasema. “Wallahi nilifungua. Yeye akanitangulia.”

“Alisema nini?”

“Alisema, mtoto amesema alichokiona. Basi. Hakusema nilikunywa, hakusema sikunywa. Madam akamwekea karatasi, akatia saini.”

Nilimuuliza kwa nini hakusema hata baada ya hapo. Alisema alijiambia kwamba hata ukweli ungemfukuzisha yule bwana, maana nani angemwachia mgonjwa wa kichwa watoto wa watu. Alijiambia kwamba ni siri aliyopewa. Alijiambia kwamba mimi ni mtoto. Kila mwaka alipata sababu nyingine. Yeye ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege, kwa pikapu ya kazini, na njia nzima walizungumza habari za mabomba.

“Na mimi?” nikauliza. “Aliuliza nini juu yangu?”

“Alitaka kujua kwa nini ulikuwa unalia asubuhi ile. Hakukumbuka. Nikamwambia jezi. Akaniomba nisimame kando ya barabara. Akakaa kidogo ameshika uso. Halafu akasema yalla, twende, tutachelewa.”

Nilirudi Dar es Salaam na kazi ya kumtafuta. Haikuwa ngumu kama nilivyodhani. Mtandaoni upo ukurasa wa Kifini wenye maisha yake yote ya uchezaji, safu kwa safu, timu na msimu na magoli. Sikuelewa lugha lakini majina ya nchi niliyajua, na nikayafuata kwa kidole kama nilivyoyasikia kwenye benchi. Marekani ilikuwepo, na lile goli moja lilikuwepo. Safu ya mwisho ilisema Dubai, na baada yake ukurasa ulikuwa mtupu. Katika mazungumzo ya mashabiki niliyoyatafsiri kwa simu kulikuwa na mtu aliyeuliza amepotelea wapi, na mwingine akamjibu kwa maneno machache kwamba alirudishwa kutoka Uarabuni kwa ulevi, inasikitisha, alikuwa na mikono mizuri.

Niliandika barua pepe kwa timu ndogo ya mji aliozaliwa, nikaomba wamfikishie. Niliandika kila kitu: korido, ndoo, chupa, yale maswali matatu ya Madam na majibu yangu matatu. Sikujitetea kwa umri wangu. Niliandika kwamba naomba radhi na kwamba siombi ajibu.

Wiki tatu zikapita. Jibu lilipokuja halikuwa lake. Lilitoka kwa Aino, binti yake, yule wa kofia ya sufu. Aliandika Kiingereza safi, sentensi fupi. Alisema baba yake anaishi katika nyumba ya kutunzia wagonjwa. Siku nyingine anamjua, siku nyingi hamjui. Alimsomea barua yangu mara mbili. Dubai haimo tena kichwani mwake, wala barafu ya Dubai, wala mimi. Alisikiliza kwa adabu, akasema mtoto huyo anaonekana mzuri, akauliza chakula kitakuwa saa ngapi.

Kisha Aino akaendelea. Alikuwa na umri wa miaka kumi na moja baba yake aliporudishwa. Watu wa hoki walimpigia mama yake simu wakamweleza sababu. Yeye mwenyewe alimwona jikoni kwao akiyumba, akiangusha vikombe, akimwita kwa jina lisilokuwa lake, na kila alichokiona kilikubaliana na kile walichoambiwa. Alimwambia asije tena mpaka atakapoacha pombe. Baba yake hakubishana. Hawakuzungumza kwa miaka minne, mpaka daktari mmoja alipompiga picha ya kichwa. “Hiyo miaka minne,” aliandika, “ndiyo aliyokuwa bado anaweza kuzungumza.”

Hakunilaumu. Hakuna neno moja la lawama katika barua ile, nimelitafuta.

Nilimpigia simu Baba mchana ule ule na kumsomea yote, nikitafsiri ninavyokwenda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniomba nirudie ile sehemu ya miaka minne, nikairudia. Nilisikia kuku uani kwetu, na mtu mbali anapiga nyundo. Kisha akasema anakwenda kusali laasiri, akakata simu. Niliangalia saa. Adhana ilikuwa bado karibu saa nzima.